Kongole kwa Mchambuzi wa Mazimwi

Zamani zimwi lilikuwa halina adabu. Lilitokea gizani, halikujitambulisha, halikusema limetoka wapi wala lina shida gani, na likishamaliza kula mtu liliondoka bila kuacha anwani. Watu waliliogopa, na wenye uwezo walilala na taa. Leo, nashukuru kusema, hali hiyo imekwisha. Zimwi la siku hizi linajulikana urefu, umri, chakula, ukoo na udhaifu wake, na lisipojulikana wiki hii litajulikana wiki ijayo. Kazi hiyo yote imefanywa na mtu ambaye hajapewa hata cheti cha ushiriki. Namzungumzia yule shabiki wa filamu na hadithi za kutisha za intaneti ambaye hawezi kuona kivuli bila kutaka kukipima. Mimi namwita mchambuzi wa mazimwi, kwa sababu redioni tunao wachambuzi wa soka wanaotueleza kwa saa mbili goli tuliloliona kwa sekunde tatu, na sioni kwa nini mazimwi yanyimwe huduma hiyo.

Kilichonivutia kwake kwanza ni uwezo wa kufanya kazi bila ushahidi. Julai 2007 Wamarekani waliokwenda sinema kuangalia Transformers walionyeshwa trela isiyo na jina la filamu. Kuna sherehe nyumbani kwa mtu, kinasikika kishindo, taa zinazimika, halafu kichwa cha Sanamu ya Uhuru kinatua barabarani. Jitu lililokirusha halikuonekana. Mtu wa kawaida angesema haya, tusubiri filamu itoke. Mchambuzi aliisikiliza tena na tena sauti ya mtu mmoja anayepiga kelele mle ndani kwamba kitu hicho kina uhai, na kwa kuwa kwa Kiingereza maneno hayo yanakaribiana, masikio yake yakasikia mtu akisema ni simba. Kwa ushahidi huo ikatolewa hukumu kwamba filamu inamhusu Voltron, lile roboti la katuni linaloungwa kwa simba watano. Wengine walikata rufaa wakasema ni Godzilla. Filamu ilipotoka Januari 2008 kwa jina la Cloverfield, simba hakuwemo. Mwongozaji wake, Matt Reeves, alieleza kwamba jitu lile ni kitoto kichanga kilichopaniki. Ungedhani kesi imefungwa hapo. Mchambuzi aliuliza swali ambalo hata sisi wenye watoto halikutujia: je, mama yake yuko wapi?

Huyo ndiye mtu wetu. Ukimjibu moja, umempa kazi ya mwezi.

Lakini ili kuona ukubwa wa utumishi wake, tumfuate Slender Man tangu kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa inajulikana, jambo ambalo babu zetu wengi hawakuwa nalo: 10 Juni 2009. Siku hiyo Eric Knudsen, akitumia jina la Victor Surge, aliweka mtandaoni picha mbili nyeusi na nyeupe alizozichezea kwa kompyuta. Watoto wako mbele. Nyuma yao, mahali ambapo jicho lingepita tu, amesimama mtu mrefu mwembamba, amevaa suti, hana uso. Chini ya picha hizo kulikuwa na maneno machache, kana kwamba picha zilitoka kwenye kumbukumbu za maktaba baada ya watoto hao kupotea. Basi. Hakuna aliyeambiwa anataka nini.

Mtu mwovu angeiacha hivyo hivyo, watu wakaendelea kuteseka kwa kutojua. Mchambuzi alikuwa kazini kabla mwezi haujaandama. Kwanza alimtafutia ukoo: ikachapwa michoro ya kuchonga kwenye mbao, eti ya Ujerumani ya karne ya 16, na ndani yake yumo huyo huyo bwana mrefu. Kiumbe ambaye hata arobaini yake haijafika tayari ana mababu wa miaka mia nne na ushee. Kisha zikaja hoja za afya, kwamba anayemwona huanza kukohoa. Zikaja hoja za utumishi, kwamba ana wasaidizi wa kibinadamu, na mjadala ukawa ni kama wasaidizi hao wanajitambua au la. Ikaja hoja ya mavazi, ambayo binafsi naiheshimu kuliko zote: ile suti ni nguo au ni ngozi? Kama ni nguo, nani anampimia? Watu wazima, wenye kazi na kodi za kulipa, walikesha katika hoja hiyo, na waliokesha hawakuona hata mara moja kitu chochote nyuma ya mti, kwa sababu walikuwa wameinamia skrini.

Ni haki kukiri kwamba si wote walioharibu. Vijana wa Alabama, Troy Wagner na Joseph DeLage, walianza mfululizo wa video uitwao Marble Hornets mwezi uleule wa Juni, na siri yao ilikuwa kutosema. Kiumbe anasimama mbali, picha inakatikakatika, video inakwisha. Uzembe huo wa kutoeleza ulivumiliwa kwa sababu uliwapa wachambuzi malighafi ya miaka mitano.

Kuna mahali kejeli yangu haifiki. Mei 2014, mjini Waukesha katika jimbo la Wisconsin, wasichana wawili wa miaka 12 walimchoma mwenzao kisu mara 19 wakaeleza kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya Slender Man. Mtoto yule alipona. Mchambuzi aliposikia alisema, na ni kweli, kwamba kila mtu anajua ile ni hadithi tu. Ila ukoo wa Ujerumani, makao, wasaidizi na masharti ya kuwa msaidizi vilikuwa vimepangwa vizuri mno kwa msomaji wa miaka 12. Filamu ya Slender Man ilipotoka Agosti 2018, kampuni ya majumba ya sinema ya Marcus ilikataa kuionyesha katika kaunti za Milwaukee na Waukesha. Kwingine ilionyeshwa, na walioitazama walikuta hata baadhi ya mambo waliyoyaona kwenye trela hayamo. Wachambuzi walifungua jalada jipya siku hiyohiyo: si la zimwi tena, la vipande vilivyopotea.

Sasa nimlete mchambuzi ninayemfahamu kwa karibu. Ni mpwa wangu, anasoma chuo, na likizo hukaa kwangu. Alinisihi tuangalie pamoja Five Nights at Freddy's, filamu ya 2023. Nilikubali kwa sharti kwamba tukae kimya. Kwa hesabu yangu ukimya ulidumu mpaka nembo ya kampuni ilipotoka kwenye kioo.

"Mjomba, simamisha hapo."

Nikasimamisha.

"Umeona?"

"Nimeona ukuta."

"Angalia mchoro wa mtoto pale ukutani. Rangi ya yule sungura."

Alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akagusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya chipsi mahali ambapo palikuwa na doa la manjano. Doa hilo, alinieleza, ndilo linalothibitisha nani aliua watoto, ingawa filamu ilikuwa bado haijasema kuwa kuna watoto waliouawa. Nilimshukuru. Filamu ina dakika 109. Sisi tuliimaliza karibu na adhana ya alfajiri, na kwa vile hakuna tukio lililonikuta sijajiandaa, sikushtuka hata mara moja. Daktari wangu wa shinikizo la damu angefurahi.

Asili ya filamu hiyo ni mchezo wa kompyuta aliouunda Scott Cawthon na kuutoa Agosti 2014. Wewe ni mlinzi wa usiku katika mgahawa wa piza wenye midoli mikubwa ya mashine: dubu, sungura, kuku na mbweha. Usiku midoli inatembea. Silaha yako ni kamera, milango miwili na umeme, na umeme unaweza kwisha kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. (Kwa mchezaji wa huku kwetu, hapo pa umeme hapakuwa na ubunifu mkubwa.) Kwenye simu sauti ya mlinzi aliyetangulia inataja kwa kupita tu kwamba mwaka '87 mtu aling'atwa. Hakusema nani, hakusema na mdoli gani.

Sentensi moja ya kupita. Kutokana nayo imejengwa taaluma nzima ya meno. Nani alimng'ata nani? Mwaka 2015 toleo la nne lilionyesha mtoto akiingizwa kichwa kinywani mwa mdoli, na dunia ikavuta pumzi, kwamba jibu hilo hapo. Kisha mtu mmoja mwenye subira akaigusa televisheni ndogo iliyochorwa ndani ya mchezo, ikamwonyesha katuni yenye mwaka 1983. Kwa hiyo kuna ming'ato miwili. Au mmoja, na katuni ni ya zamani inarudiwa. Ndoa za muda mrefu zimevunjika kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Mwisho wa toleo hilohilo kuna sanduku lenye kufuli ambalo halifunguki, na kuna watu wazima ambao ukilitaja sanduku hilo mbele yao sauti zao hubadilika, kana kwamba umetaja shamba la urithi.

Cawthon mwenyewe, nadhani, ndiye mtu wa kwanza kuelewa anashughulika na nani. Alipotaka kutangaza toleo jipya aliweka kwenye tovuti yake picha nyeusi tii. Wateja wa biashara nyingine wangesema tovuti imeharibika. Wake waliipakua, wakaongeza mwangaza mpaka mwisho, wakatoa herufi na nyuso zilizofichwa gizani, kisha wakasoma na msimbo wa ukurasa mstari kwa mstari wasije wakaachwa. Ndiyo maana nasema mchambuzi ameikomboa hofu kutoka gizani. Giza lenyewe alilikagua. Likakutwa na maandishi.

Mwenge katika kazi hii aliubeba Matthew Patrick, maarufu kwa jina la MatPat, ambaye chaneli yake ya YouTube ilitoa video baada ya video kupanga miaka, vifo na ukoo wa midoli ile. Katika filamu kuna mahali mhudumu wa mgahawa anatokea, anasema maneno machache kuhusu nadharia, anaondoka. Mpwa wangu alisimama akapiga makofi. Nilidhani amemwona ndugu yetu. Kumbe ndiye MatPat mwenyewe, amepewa nafasi ndani ya hadithi aliyotumia karibu muongo mzima kuieleza. Hata Marekani kote, kwenye majumba ya sinema, watu walishangilia mhudumu huyo kuliko walivyomshtukia dubu. Nawaelewa. Dubu walikuwa wanamjua siku nyingi.

Na pesa? Filamu iliyogharimu kama dola milioni 20 iliingiza zaidi ya milioni 290. Wahakiki wa magazeti waliikosoa kwamba haitishi. Jamani, ingetishaje? Waliolipa kiingilio hawakwenda kutishwa, walikwenda kusahihisha mtihani. Mpwa wangu aliipa saba kwa kumi. Tatu zilikatwa kwa sababu ya ukoo wa mtu mmoja kubadilishwa.

Wahenga wetu walituachia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mchambuzi amekwenda mbele zaidi: zimwi ulijualo wewe, wewe ndiye unayelila, na unalimaliza na mifupa.

Muulizeni Trevor Henderson, msanii wa Toronto. Mwaka 2018 alichora Siren Head, kiumbe wa futi 40, mkavu kama mzoga uliokauka juani, kichwani ana ving'ora viwili badala ya uso. Kilichofanya picha zake zitishe ni kwamba zilionekana kama zimepigwa na mtu asiye na muda wa kupiga ya pili. Haukupita muda mrefu, mashabiki wakataka kumwingiza katika SCP, ule mkusanyo ulioanza 2007 ambamo kila kiumbe ana namba, jalada na taratibu za kumhifadhi, yaani masijala ya wizara, tofauti ni kwamba huku mafaili hayapotei. Henderson hakupenda kiumbe wake achukuliwe, na kiumbe huyo akaondolewa humo. Watoto kwa upande wao walitaka kujua jambo moja tu, akipigana na Godzilla nani atashinda. Godzilla wa 1954 ana mita 50; futi 40 ni kama mita 12. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Nikaambiwa nimesahau kuzingatia sauti.

Lakini tunda tamu kuliko yote ni Backrooms. Mwaka 2019 ilisambaa picha ya chumba kitupu: kuta za njano, zulia la rangi ya uchafu, taa ndefu za dari, hakuna dirisha, na ukuta mmoja unafungukia chumba kingine kama hicho. Aliyeandika maneno ya kuisindikiza alisema ukiponyoka nje ya uhalisia utaangukia humo, katika maili za mraba milioni mia sita za vyumba visivyo na mtu, na akamalizia kwa kudokeza kwamba ukisikia kitu kinatembea karibu, ujue nacho kimeshakusikia. Kitu. Hakusema zaidi ya hapo, na kwa siku kadhaa, naambiwa, watu walitishika kwelikweli.

Mchambuzi aliokoa jahazi. Alianza na ghorofa: kuna ya kwanza, ya pili, mpaka mamia, kila moja na hali yake ya hewa. Akaja kwenye kile kitu, akagundua si kimoja, ni vingi, kuna wanaotabasamu, kuna wanaoiba ngozi, kuna wanaosherehekea, wote wana namba. Halafu, kwa huruma aliyonayo, akafikiria kwamba mtu aliyepotea humo atapata kiu. Akaweka maji ya lozi. Ndiyo: katika jehanamu isiyo na mwisho, isiyo na mlango wala shahidi, kuna chupa za maji ya lozi, na ukinywa akili inakutulia. Nimepita kwenye stendi nyingi za mabasi ambazo hazijafikiriwa kiasi hicho.

Ikabaki kero moja, picha ilipigwa wapi? Kwa miaka mitano swali hilo lilikuwa ndilo pumzi ya mwisho ya hofu ile. Mwaka 2024 waliipata. Ni Oshkosh, katika jimbo lilelile la Wisconsin. Duka la zamani la samani lililokuwa linakarabatiwa liwe duka la vifaa vya michezo ya watu wazima wanaoendesha magari ya rimoti. Ilipigwa Juni 2002 kuonyesha maendeleo ya ujenzi. Hiyo ndiyo jehanamu: fundi alikuwa hajamaliza. Sijawahi kuona hofu ikizikwa kwa heshima namna ile, na vielelezo.

Kati ya waliokaa matanga, mmoja tu ndiye aliyekataa kuzika, tena tangu mapema. Kane Parsons, kijana wa miaka 16, Januari 2022 alitengeneza kwa kompyuta yake nyumbani video ya dakika chache ya mtu mwenye kamera aliyeangukia kwenye vyumba hivyo. Hakuweka maji ya lozi. Kiumbe anayeonekana ni kama waya mweusi uliosokotwa ukapewa miguu, na haelezwi. Video hiyo ilitazamwa na mamilioni, na mwaka 2023 kampuni ya A24 ikatangaza kuigeuza filamu, mwongozaji akiwa yeye huyohuyo. Unaona hatari iliyopo: mtu amepewa bajeti ya Hollywood na bado ana tabia ya kutosema. Wachambuzi hawakungoja. Yule waya mweusi tayari amepewa jina la kibaolojia, ameitwa bakteria, na nimeonyeshwa mchoro wa kiumbe huyo ukiwa na mishale.

Pwani yetu ilichelewa kupata huduma hii, na iliteseka. Mwaka 1995, zimwi letu Popobawa alipovuma Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje makundi kwa makundi, moto umewashwa, kila mtu akimtazama mwenzake asisinzie. Mambo aliyosemwa kufanya hayaandikwi kwenye ukurasa unaosomwa na watoto. Hata umbo lake hawakukubaliana: huyu aliona kivuli, yule alisikia harufu, mwingine alilemewa tu na uzito kifuani. Hakuna aliyetoka na futi kumpima. Ndiyo maana mpaka leo kuna watu wazima ambao jina hilo ukilitaja baada ya magharibi watakuomba uache. Intaneti imeanza kutusaidia: huko sasa amechorwa na jicho moja katikati ya paji la uso, jambo ambalo wazee wengi wa Pemba wangelisikia leo kwa mara ya kwanza.

Mpwa wangu alikuwa hajaridhika na jicho. Jioni moja alikuja barazani na simu mkononi, akaniuliza kama mtu wa pwani, Popobawa na Siren Head wakikutana nani atashinda. Nilikuwa nakunywa kahawa na sikutaka mazungumzo marefu. Nikamjibu kwamba inategemea kama ni mchana au usiku. Aliandika. Akaniuliza kama anaogelea. Nikasema sijasikia akipanda boti, lakini Pemba kwenda Unguja kuna maji. Akaandika na hilo, akapiga mstari chini yake. Wiki ile ile akanionyesha maelezo hayo yakiwa yameshasambaa kwa Kiingereza, pamoja na ramani ya mkondo wa bahari, chanzo kikitajwa kuwa mzee mmoja mwenye ujuzi wa siri za visiwani. Chini yake tayari kulikuwa na mtu kutoka Ohio aliyeandika aya sita kuonyesha mahali ambapo mzee huyo amekosea.